Mfalme Aliyetembea Kama Mnara

Mwaka 1998, kwa muda wa mwezi mzima, mfalme wangu alitembea kama mnara. Alivuka ubao wote kwa mwendo mmoja, akala askari wa watu, akarudi kwake bila kuguswa. Tulikuwa Nyamugari, Gitega, mjomba na mimi, kibatari pembeni, ubao wa kadibodi juu ya kreti ya soda, tukifuata mchezo uliochapwa kitabuni. Kila tulipofika hatua ya tano au ya sita, kete zilikwama. Kitabu kinasema nenda, ubao unasema hakuna njia. Mjomba, ambaye hakuzoea kukubali kosa, alihukumu kwamba Mmarekani aliyeandika kitabu kile hajui sataranji.

Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa la herufi tu. Sisi kete tulizijua kwa Kifaransa. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa Bréviaire des échecs cha Tartakower, toleo dogo la Livre de Poche, tulichoachiwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyefungasha virago vita vilipopamba moto. Kwa Kifaransa R ni roi, mfalme. T ni tour, mnara. C ni cavalier, farasi. Kitabu cha pili kilikuwa Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev, chapa ya Simon & Schuster, New York, 1957. Humo R ni mnara, na mfalme ni K. Lakini K sisi tuliisoma kuwa kavalie, kwa sababu ndivyo tulivyoliandika neno hilo kwenye daftari, kwa tahajia yetu ya Kiswahili. Basi P-K4, hatua ya kawaida kuliko zote duniani, ya kumsogeza askari wa mbele ya mfalme, sisi tulimsogeza askari wa mbele ya farasi. Na R-K1, mnara kusimama katika safu ya mfalme, sisi tulimtuma mfalme aende kwenye kiti cha farasi, ambako mara nyingi alikuwa ameshakaa. Tulipokuta Kt, tulisema mchapaji amekosea.

Aliyetufungua macho alikuwa mzee fundi saa wa sokoni. Alikimbilia Tanzania mwaka 1972, akarudi 1993 na Kiingereza cha kutosha. Alisoma ukurasa wa mwanzo, ule ambao sisi tuliuruka kwa kuwa haukuwa na michoro, akacheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mfalme wenu mmemfanya utingo."

Nimekuwa nikikumbuka kicheko kile kila mtu anaponiuliza anunue kitabu gani cha sataranji. Watu huuliza jina la mwandishi. Mimi siku hizi hutazama kwanza mgongo wa kitabu, chini kabisa, palipo na jina la mchapishaji. Mwandishi ndiye anayejua mchezo, lakini mchapishaji ndiye anayeamua kitabu kinaandikiwa nani: kwa herufi zipi, kwa michoro mingapi, kwa karatasi gani, na kwamba msomaji anadhaniwa anajua nini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hayo niliyajua kwa kuchelewa, na kwa kufungwa.

Mjomba alikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Gitega, njia ya mpaka wa Kobero. Tarehe 31 Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, lori la tajiri wake likalala uani, na yeye akalala nyumbani. Ndiyo sababu alikuwa na nafasi ya kucheza na mtoto wa dada yake. Vikwazo viliposimamishwa Januari 1999, safari yake ya kwanza nilimwagiza kitabu kingine. Aliniambia baadaye kwamba muuza mitumba wa vitabu kule Dar alikuwa navyo viwili vya sataranji, akavipima mkononi kimoja kimoja, akachukua kizito.

Kizito kilikuwa cha David Bronstein, cha mashindano ya Zurich ya mwaka 1953: wachezaji 15, raundi 30, michezo 210, Smyslov akatoka wa kwanza na haki ya kumkabili bingwa wa dunia, Botvinnik. Kilitoka Moscow kwanza, mwaka 1956. Nakala yangu ilikuwa ya Dover, kampuni ya New York ambayo kazi yake kubwa ni kuchukua vitabu vya zamani na kuvichapa upya kwa bei ya chini. Nitaisifu Dover kwa jambo moja ambalo wachambuzi wa Ulaya hawaliandiki: kurasa za nakala hiyo zimeshonwa kwa uzi. Walijitangaza hivyo kwenye jalada la nyuma, na ni kweli. Nimewahi kununua kwa tabu kitabu kipya cha kampuni nyingine, nisiyoitaja, kilichoungwa kwa gundi. Masika mawili ya Muyinga, nilikohamia baadaye, yalitosha kukigeuza karata. Bronstein bado mzima. Amenyeshewa, amekaliwa na kuku, amevuka Karusi juu ya buti la Probox.

Nilikisoma kama msahafu. Nilikuwa na miaka 16 na nilijua kusema "udhaifu wa miraba myeusi" kwa lugha tatu. Bronstein analieleza jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote, namna upande mmoja unavyoweza kupoteza nguvu katika miraba ya rangi moja na nyumba yote ikaanza kuvuja. Nilikuwa nikikaa na vijana wenzangu Gitega, natazama ubao, natikisa kichwa, nasema miraba myeusi. Waliniheshimu. Kushinda nilishinda kwa sababu wao hawakuwa na kitabu chochote.

Mwaka 2006 nikapangiwa kufundisha Muyinga. Muyinga, kwa asiyeijua, ni mji wa njiani: malori ya Kobero yanapita, Kirundi na Kiswahili vinaamkiana kila duka, na alasiri baada ya sala wazee hukaa barazani na kahawa na dama. Sataranji walikuwa nayo moja, ya mbao, imepungukiwa farasi mmoja aliyewakilishwa na kifuniko cha dawa. Mzee mmoja aliyeishi Zanzibar ujana wake alikuwa akiita tembo kete ile ambayo Wafaransa huita fou, kichaa, na Waingereza huita askofu. Waarabu nao husema fil, tembo, kwa hiyo mzee ndiye aliyekuwa karibu na asili kuliko sote. Watoto wao mnara waliuelewa mara moja kwa sababu msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara.

Niliketi pale kama profesa. Wakaniletea binti wa miaka kumi na mmoja, mwana wa mama muuza chapati. Nilimwuliza kwa upole kama anajua kete zinavyokwenda. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Tukaanza. Baada ya muda nikaona kwamba miraba yake myeusi imelegea, na nikaanza kuhamisha farasi wangu taratibu kwenda kuikalia, kwa hatua nne, kama Wazurich. Katika hatua ya tatu ya safari hiyo yeye alishika mnara kwa vidole viwili vyenye unga, akaushusha mpaka mstari wangu wa nyuma, akauacha hapo, akanitazama usoni kuona kama nimeelewa. Mfalme wangu alikuwa nyuma ya askari wake watatu ambao sikuwahi kumsogeza hata mmoja. Hakuwa na pa kutokea. Mzee wa tembo akasema polepole, "Mati," akaendelea na kahawa yake.

Kitabu chake nilikiona siku ya pili. Bobby Fischer Teaches Chess, 1966, jalada halipo, kurasa za mwanzo hazipo, kimepita mikono mingi kabla hakijaachwa na dereva mmoja badala ya deni la chapati. Wakubwa wa mchezo hukidharau. Hakina uchambuzi. Kinakupa mchoro na swali: je, hapa kuna mati? Ukishajibu unafungua ukurasa unaofuata kuona jibu, na ukifika mwisho unakipindua kichwa chini miguu juu na kurudi kwa upande wa pili. Binti alikipindua kama mama yake anavyogeuza chapati, bila kufikiri. Kiingereza hakujua, na hakukihitaji, kwa sababu kitabu hiki kinasema kwa mishale. Na sehemu kubwa yake ni jambo moja tu, linaulizwa kwa sura mia: mfalme aliyefungiwa mstari wa nyuma na askari wake mwenyewe.

Yaani alinifunga kwa jambo pekee alilofundishwa. Mimi niliyefundishwa mambo mia mbili na kumi sikuwa na hata moja mkononi. Nilikuwa na maneno. Kitabu kilichokuzidi kimo hakikuvuti juu. Kinakupa msamiati wa watu wa juu, nawe unatembea nao mjini ukidhani ni akili yako.

Kuanzia hapo nikaanza kuvitazama vitabu kwa jicho la muuza viatu: mguu wa nani? Binamu yangu aliyeko Ubelgiji alikuwa akiniletea kimoja kila anapokuja likizo, kwa sababu kitabu kipya cha jalada gumu kwa bei ya Ulaya ni mbuzi, na mbuzi mnene. Kwa miaka kadhaa nikapata kuonja karibu kila ukoo.

Nasema ukoo kwa sababu wachapishaji hawa wana nasaba kama watu. Pergamon ya Robert Maxwell, kule Oxford, ndiyo iliyowapa wasomaji wa Kiingereza sehemu kubwa ya Warusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 orodha yake ya sataranji ikawa Cadogan, na kabla ya muongo huo kwisha ikawa Everyman. Ukikuta jina lolote kati ya hayo matatu kwenye mitumba, umekuta babu, baba na mjukuu. Babu alikuwa akiandikia wachezaji waliokomaa. Mjukuu ana kila kitu, pamoja na mfululizo uitwao Starting Out, na hapo nina neno. Kitabu cha ufunguzi mmoja, hata kikiitwa cha kuanzia, ni kitabu cha mtu anayekutana na wapinzani wanaojua ufunguzi huo. Muyinga hakuna anayekuchezea ufunguzi wa Kisisili kama kitabu kilivyopanga. Baada ya hatua nne mko msituni, na kitabu kiko mjini.

Gambit, ya kina Graham Burgess, Murray Chandler na John Nunn, vitabu vyake huandikwa na wachezaji kwa ajili ya wachezaji, maandishi madogo, yamebanwa, hakuna porojo. Kwa mtu wa kati ni chakula. Lakini kitabu chao nilichokitumia kuliko vyote ni cha watoto, cha Chandler, 1998, cha mati hamsini za kuua, kiitwacho How to Beat Your Dad at Chess. Kizuri mno, isipokuwa jina. Mzazi mmoja, hajji, mtu wa heshima zake, alikikuta kwa mwanawe akaniuliza jalada linasemaje. Nikamwambia linasema: Cheza na Baba. Mungu anisamehe.

Anayeniuliza siku hizi nimtajie mchapishaji mmoja kwa mtu anayetaka kupanda ngazi kwa mpango, namtajia Quality Chess ya Glasgow, iliyoanzishwa mwaka 2004, kwa ajili ya vitabu tisa vya Artur Yusupov. Vitatu vya rangi ya chungwa, vitatu vya buluu, vitatu vya kijani. Kila kimoja sura 24. Kila sura ina somo fupi kisha maswali, na mwishoni unajihesabia alama. Hukufikisha alama za kupasi, unarudia sura. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaelewa utaratibu huo. Tahadhari yangu ni kwamba kile cha chungwa cha kwanza kimetangazwa kuwa cha walio chini ya alama 1500 za Elo, kipimo cha nguvu za mchezaji, na mimi naona mkono wake ni mzito kuliko hivyo. Walionizunguka hawana Elo hata ya kusingizia, kwa hiyo nina kipimo changu: fungua ukurasa wa katikati, soma kutoka mchoro mmoja hadi mchoro unaofuata bila kugusa kete. Ukifika ukiwa unaona ubao, kitabu chako hicho. Ukijikuta umerudisha kete mara tatu, kirudishe kwa mwenyewe.

Kuna mchapishaji mmoja tu niliyemwona akimwambia msomaji afunge kitabu. Siles Press ya Los Angeles ilitoa mwaka 2007 kitabu cha Jeremy Silman cha mwisho wa mchezo, kimegawanywa kwa viwango, na kila sehemu ikiisha anakuambia, kwa maana, sasa nenda kacheze, usiendelee mpaka umekua. Nilipokisoma nilikaa kimya kidogo. Laiti mjomba angekikuta hicho kule Dar. Lakini kilikuwa hakijaandikwa, na pengine kingekuwa chepesi mkononi.

Uchapishaji unaweza pia kuharibu. Batsford ya London, kampuni ya tangu 1843, ndiyo iliyomgeuza Chernev kutoka herufi zile za P-K4 kwenda za kisasa mwaka 1998, na toleo hilo lingetuokoa mwezi mzima wa Nyamugari. Lakini miaka mitatu kabla yake kampuni hiyohiyo ilipofanya hivyo kwa michezo 60 ya Fischer, iligusa na uchambuzi wa mwenyewe, Fischer akaja juu, na mwaka 2008 ikabidi itoke chapa nyingine inayorudisha maandishi yake kama alivyoyaacha. Kubadilisha herufi ni kazi inayoonekana ndogo. Mjomba na mimi ni mashahidi kwamba si ndogo.

Ndiyo maana nina mapenzi ya pekee na Wabelgrade. Tangu mwaka 1966 wanatoa Informator, kwa miaka mingi rundo la michezo ya wakubwa lisilo na lugha. Kete zimechorwa, hazikuandikwa kwa herufi; maelezo yote yalikuwa alama. Mshangao ni hatua nzuri, swali ni mbovu, msalaba wenye mstari chini yake ni weupe kuwa juu. Nakala yangu ni ya miaka ya 1980, haina jalada. Ni kitabu cha mabingwa na sikumpa mtoto yeyote asome, lakini watoto wa Muyinga walijifunza alama zake kwa wiki moja na wakaanza kuzitumia mitaani. Ile ya kutokuwa na ukomo, ambayo humo maana yake ni kwamba hali haieleweki, waliiita "nane imelala". Mwalimu wa hesabu akikosea ubaoni, nyuma utasikia: nane imelala. Mechi ya mpira ikiwa sare, nane imelala. Uchaguzi wa kiranja, vivyo hivyo.

Kitabu nilichokuwa nakihitaji darasani hakikuwa chochote kati ya hivyo. Waholanzi wawili, Rob Brunia na Cor van Wijgerden, walianza mwaka 1987 kutoa daftari nyembamba za hatua kwa hatua, ukurasa mzima ni michoro kumi na miwili na maneno mawili matatu. Binamu aliniletea moja. Nikaona kwamba hii hata sisi tunaiweza, kwa maswali yetu wenyewe kutoka michezo yetu wenyewe, tukiwa na njia ya kuchora ubao. Kuchora miraba 64 kwa rula, mara kumi na mbili, mara watoto thelathini: nilijaribu Jumamosi moja na sikurudia.

Nikaenda Gitega kwa fundi wa mihuri. Ana meza barabarani, mwavuli, wembe na vipande vya mpira. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, aliniambia, hakosi kazi. Nikamwambia nataka muhuri wa ubao mtupu, miraba 64, nusu imetiwa mistari. Akauliza ni wa ofisi gani. Nikasema si wa ofisi. Akauliza kama nina barua. Ilibidi nitoe Bronstein mfukoni, nimfungulie mchoro, nimweleze ni mchezo, na bado akachukua siku mbili kujiridhisha kwamba hatafungwa. Muhuri ulipotoka ulikuwa mzuri kuliko vitabu vingi. Tukagonga ubao huo daftari nzima, watoto wakajaza kete kwa kalamu.

Simu zimekuja, najua. Lichess ipo tangu 2010, bure, na mwenye simu na megabaiti anapata maswali asiyoweza kuyamaliza. Kwenye darasa la watoto thelathini simu ni mbili, na moja ni yangu.

Tatizo lililobaki lilikuwa lilelile la 1998. Tuliamua daftari yetu iandikwe Kiswahili, herufi ya kwanza ya kila kete. Mfalme, M. Malkia, M. Mnara, M. Askari, A, na askofu naye A. Mtoto mmoja aliandika mchezo mzima kwa herufi hizo na jioni yake hakuna aliyeweza kuusoma, yeye mwenyewe wa kwanza. Yule binti wa chapati, ambaye sasa ni mama na mwanawe yuko darasani kwangu, alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Akasema: "Mwalimu, si mchonge picha?"

Basi nikarudi kwa fundi wa mihuri, safari hii na oda ya mihuri sita midogo kama kucha. Mfalme hakumsumbua, wala mnara. Kwenye farasi alisimamisha wembe.

"Aangalie upande gani?"

Sikuwa nimewahi kutazama. Miaka zaidi ya ishirini na vitabu hivi, na sikujua. Nikamtoa Bronstein, nikafungua mchoro wa kwanza uliokaribia, tukainama sote wawili.

"Kushoto," nikasema.

"Haya," akasema, akageuza kipande cha mpira. "Nitamchonga akiangalia kulia."